Usiuombee mnara uanguke

Juzi katika kundi letu la WhatsApp ndugu mmoja alituma picha ya mnara wa kanisa la huku Uingereza, umezungushiwa majukwaa ya mafundi, na chini yake tangazo la kuomba mchango. Akaandika: "Wenyewe wamelikimbia, acha lianguke." Vikafuata vicheko mpaka skrini ikajaa. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, mikono bado inanuka kabichi, nikaitia simu mfukoni. Nimejaribu kulipuuza neno lile, nimeshindwa.

Mimi ni mtoto wa Mkunazini, Zanzibar, Muislamu, mtu wa kwenda msikitini Ijumaa zamu ikiniruhusu. Kanisani sina sala. Lakini naishi Boston, kule Lincolnshire, Uingereza, mwaka wa tisa sasa, na mnara wa kanisa la Mtakatifu Botolph naujua kuliko ninavyomjua jirani ninayepakana naye ukuta kwa ukuta. Watu wa hapa wanauita Kisiki. Una zaidi ya mita 80, na juu kabisa umevikwa taji la mawe lenye pembe nane, madirisha pande zote.

Siku niliyofika nilikuja kwa basi. Ardhi ya huku ni sawa kama mkeka uliotandikwa, kilima hakuna, msitu hakuna, mashamba ya viazi na mifereji tu mpaka macho yachoke. Nilikuwa na anwani kwenye kikaratasi na Kiingereza cha skuli. Mlithuania aliyekaa pembeni yangu akanigusa bega, akanyoosha kidole dirishani. Mbali kabisa, peke yake, umesimama mnara. "Boston," akasema. Hatukuwa na lugha nyengine ya kuzungumza, na hapakuwa na haja.

Usiku ule nilimuonesha mama kwenye simu. Akauliza, "Msikiti wa nani huo?" Nikamwambia ni kanisa. Akasema, "Haya, mnara ni mnara." Na Kiswahili kinamuunga mkono. Wa msikiti tunauita mnara, wa kanisa mnara, na ule wa taa ya kuongozea vyombo baharini ni mnara huo huo. Huu wa Boston umefanya kazi hiyo ya tatu kwa karne nyingi: manahodha walioingia kutoka Ghuba ya Wash waliutafuta kwa macho kabla ya kuitafuta nchi kavu. Nahodha wa jahazi anauuliza mnara dhehebu lake kabla ya kukubali kuongozwa?

Mwaka jana niliupanda. Ngazi ni nyembamba, zinazunguka kama konokono, na kila jiwe limelika katikati, pametokea kidimbwi pale unapotua unyayo. Hapakulika kwa mvua, ni miguu ya watu. Nilipofika juu ya ngazi ya mia na kitu nikasimama kuvuta pumzi, kiganja kwenye ukuta, na chini ya vidole nikahisi alama za patasi. Mnara ulianza kupandishwa katika karne ya 15, ukamalizika takriban mwaka 1520. Fundi aliyeweka msingi hakuiona roshani. Aliyejenga roshani hakuliona taji. Na walijenga wakati biashara ya sufu, iliyoifanya Boston kuwa miongoni mwa bandari kubwa za Uingereza, imeshaanza kuwaponyoka. Walijenga hivyo hivyo. Hawakuwa na hakika kama wajukuu wao watakuwa na cha kula, wakawaachia mnara.

Karibu na mlango wa mnara kuna alama za mafuriko: 1953, 1978, na ile ya Desemba 2013 iliyopita zote. Mto Witham uko hapo hapo, hatua chache tu. Maji yaliingia kanisani, yakatoka, mnara ukabaki.

Sasa fedha, maana ndiko kicheko kilikoanzia. Watu wanadhani kanisa kuu la London au mfalme ndiye anayelipa. Si hivyo. Kila parokia hutafuta fedha za jengo lake. Wale wazee wachache mnaowacheka kwamba wamebaki wenyewe ndio wenye mzigo wote wa mawe, madini ya risasi ya paa, kengele na saa. Tangu 2001 serikali ilikuwa na mpango wa kurudisha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa makanisa ya kihistoria yanayokarabatiwa. Aprili 2025 ikaweka kikomo cha pauni 25,000 kwa jengo kwa mwaka, mpaka Machi 2026. Pigeni hesabu wenyewe. Kazi ya pauni 500,000, ambayo kwa mnara mkubwa si ajabu, ina VAT ya pauni 100,000. Pauni 75,000 zilizobaki wakazitafute kwa kuuza keki na chai? Karibu nusu ya majengo ya Uingereza yaliyo katika daraja la juu kabisa la hifadhi ni makanisa. Mji mzima unaitegemea saa, unapiga picha harusini, unawaelekeza wageni kwa mnara, kisha bili wanaachiwa wanaosali tu. Hilo ni dhulma, na nalisema mimi nisiyesali humo.

Najua mtakachonijibu. Kanisa la Uingereza lina hazina ya mabilioni, na sehemu ya fedha hizo ilipita kwenye biashara ya watumwa. Wenyewe walikiri, na Januari 2023 wakatangaza pauni milioni 100 kwa ajili hiyo. Ni kweli, na mtu wa Mkunazini hawezi kulipinga, maana kanisa la kwetu limesimama pale pale palipokuwa soko la watumwa. Wadaini, msichoke. Lakini deni halilipwi kwa kubomoka kwa mawe.

Na kilichoanguka mara nyingi hakirudi. Siku ya anga safi, kutoka juu ya mnara wa Boston unaliona kanisa kuu la Lincoln, kama kilomita 50. Kilele chake kirefu kilianguka mwaka 1548, hakikujengwa tena. Mnara wa kanisa kuu la Ely nao ulianguka 1322, wakajenga mzuri zaidi, nakubali, lakini wale walikuwa na nia.

Desemba 25, 2020 nilikuwa chumbani kwangu hapa, simu mkononi, nikatazama vumbi la Beit al-Ajaib, jumba letu la kihistoria Zanzibar, lilipoporomoka sehemu. Watu wawili walikufa. Nilipita mbele ya jumba lile kila siku nikienda Forodhani, sikuwahi kuinua macho kwa makini, na sasa sehemu ile sitaiona tena. Ndugu yangu wa kwenye kundi, wewe pia ulilia siku ile. Uliandika, nakumbuka.

Nimemtumia ujumbe pembeni. Anaishi Leicester. Nimemwambia aje Jumamosi, tiketi ya kupanda mnara nitamlipia. Amejibu kwamba goti linamsumbua. Nimemwambia tutapanda polepole, na dirishani mwa basi akae upande wa kulia.