Mvamizi wa bahari: aliwe, au azuiwe mlangoni?

Ukifika soko la samaki la Gikomba alfajiri utakuta mgongo wazi umepangwa juu ya magunia. Ni mifupa ya mbuta, yaani sangara, kichwa na mkia vikiwapo, minofu imeshatolewa kiwandani na kupelekwa ng'ambo. Kilichobaki ni nyama ya shavuni na ile iliyoshikamana na uti wa mgongo. Akina mama huinunua, wakaikaanga kwenye karai mpaka ikakauka, na jioni mtu wa Majengo au Mukuru akapata kitoweo cha ugali kwa bei anayoimudu.

Mbuta huyo si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa humo miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, ili mavuno yaongezeke. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala ziwa, na inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 za fulu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, zilitoweka. Maji machafu na mbolea zilizotiririka kutoka mashambani zilichangia, kwa hiyo si haki kumtwika mbuta lawama zote. Lakini sehemu yake ni kubwa.

Naanza na ziwa ingawa shida yangu ni bahari, kwa sababu hoja inayovuma kuhusu spishi vamizi baharini, yaani viumbe wageni wanaoenea na kuwadhuru wenyeji, tumeshaijaribu hapa Nairobi kwa miaka arobaini, karai kwa karai. Hoja yenyewe ni hii: mvamizi usiyeweza kumtoa, mle.

Wanaoitetea humtaja kwanza samaki simba, mwenye milia myekundu, mapezi yaliyochanua kama manyoya na miiba ya sumu. Kwao ni huku kwetu, Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, yumkini alimwagwa na mtu aliyekuwa akimfuga kwa mapambo, na katika miaka ya 2000 akaenea Karibiani hadi Ghuba ya Mexico. Samaki wadogo wa huko hawakumjua kuwa ni adui, na jike lake hutaga mayai yapatayo milioni 2 kwa mwaka. Watu wakashika mikuki. Mashindano ya kumwinda yakaanzishwa, mikahawa ikampika, maana sumu iko kwenye miiba, nyama yake ni safi. Mahali anapowindwa mara kwa mara idadi yake hushuka na samaki wenyeji hupata nafuu.

Hoja hiyo ina nguvu, na anayeipuuza hajakaa na mvuvi. Mvuvi analipwa leo, haisubiriwi bajeti ya serikali, na kazi inafanywa na watu wanaoyajua maji. Hata Ziwa Victoria linaiunga mkono kwa kiasi: mbuta alipovuliwa sana, baadhi ya fulu waliodhaniwa wamekwisha wakaanza kuonekana tena.

Ila samaki simba anaishi hata kwenye kina kinachozidi mita 300, ambako mpiga mbizi mwenye mkuki hafiki. Unafyeka juu, chini kunazaliana. Na kuna jambo linalonisumbua zaidi ya hilo la kina. Sheria za uvuvi ziwani zinakataza kuvua mbuta wa chini ya sentimita 50, ili wadogo wapate kukua na kuzaa. Kwa mfanyakazi wa kiwanda na mama wa mgongo wazi hiyo ni sheria ya busara, wala siwezi kumwambia yeyote kati yao kwamba anakosea. Lakini itazameni vizuri: aliyeangamiza fulu sasa analindwa na sheria asije akaisha. Soko likishajengwa juu ya mvamizi, lenye viwanda, mikopo na karo za watoto, linageuka kuwa mlinzi wake. Anayetaka tufanye vivyo hivyo baharini anapaswa kutuambia ni nani atakayelifunga soko hilo, na lini.

Tena kula ni kubahatisha aina ya mgeni utakayepata. Tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869, viumbe wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakivuka kuingia Mediterania. Miongoni mwao ni jamaa za tafi wetu, yule anayependwa Lamu na Mombasa. Kule, upande wa Uturuki na Ugiriki, wamekula mwani hadi miamba ikabaki mitupu, ijapokuwa Wasaiprasi huwanunua kwa furaha. Aliyefuata ni aina ya bunju, aliyegunduliwa Uturuki mwaka 2003. Kila mtoto wa pwani anajua bunju haliwi. Huyu anakata nyavu kwa meno na sumu yake inaua, kwa hiyo Uturuki na Saiprasi zimekuwa zikiwalipa wavuvi wamtoe tu. Hapo hakuna mkahawa wa kusaidia. Fedha zinatoka hazina.

Lakini mtu asielewe kwamba kila kigeni ni adui. Mbegu za mwani zilizoanzisha kilimo cha biashara Zanzibar mwaka 1989 zilitoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni wanawake. Kuwang'olea kamba zao kwa jina la usafi wa bahari ingekuwa dhuluma. Ninachopinga ni mgeni anayeingia bila mtu kujua wala kuulizwa.

Anaingiaje? Meli ikishusha mzigo huwa nyepesi mno, hivyo hufyonza maji ya bahari kujaza matangi yake ili isiyumbe. Maji hayo hubeba mayai, viluwiluwi na vipande vya mwani, kisha humwagwa kwenye bandari ambako meli inapakia tena. Kwa njia hiyo mnyama mmoja mfano wa kiwavi-maji, laini kama jeli, alifika Bahari Nyeusi kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na muongo ulipokwisha uvuvi wa samaki wadogo wa jamii ya dagaa ulikuwa umeporomoka. Uvuvi uliopita kiasi ulisaidia kuuangusha. Mkataba wa kimataifa kuhusu maji hayo ya meli ulipitishwa mwaka 2004, ukaanza kutumika Septemba 2017.

Mkataba huo ni mzuri, ila Kenya inanunua nje kuliko inavyouza. Meli nyingi hufika Mombasa zimesheheni na kuondoka nyepesi, maana yake huchukua maji yetu zaidi ya kutuletea ya wengine. Sisi mgeni wetu hasa ni yule aliyeng'ang'ania ubavuni mwa meli, chini ya mstari wa maji. Kuhusu huyo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lina mwongozo wa mwaka 2011, uliorekebishwa 2023, nao ni wa ushauri tu. Meli yenye ubavu uliojaa makombe haivunji mkataba wowote ikitia nanga Kilindini.

Wafanyabiashara watasema, na wana haki ya kusema, kwamba ukaguzi ni ucheleweshaji. Kontena likikaa bandarini siku mbili za ziada, bei inapanda Nyamakima na marobota ya mitumba yanachelewa. Ndiyo maana sitetei kukagua kila meli. Zikaguliwe zilizokaa nangani wiki nyingi, kwani huko ndiko viumbe hushika, na zinazotoka kwenye bahari yenye joto kama letu.

Mwaka 1999, kwenye bandari ndogo za mashua huko Darwin, Australia, walikutwa kome wageni wenye milia. Serikali ilizifunga, ikamwaga klorini na salfeti ya shaba, ikaua karibu kila kilichokuwamo. Ukatili, naam, lakini kome walikwisha katika muda wa wiki chache. California nayo iligundua mwani vamizi mwaka 2000, ikatumia zaidi ya dola milioni 7, na mwaka 2006 ikatangaza umekwisha. Mwani uo huo ulikuwa umeonekana Monaco mwaka 1984, ukaachwa, ukasambaa Mediterania.

Darwin haikuwa bahati. Wapiga mbizi walishakagua bandari zile miezi michache nyuma na hawakumwona kome yule, kwa hiyo walipomwona walijua ni mpya.

Hapa Gigiri, tarehe 22 Mei 1992, ndipo maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai, ule wa kimataifa wa kulinda aina mbalimbali za viumbe, yalipokubaliwa, na kifungu cha 8 kinazitaka nchi zizuie, zidhibiti au ziangamize spishi ngeni zinazotishia mazingira. Neno la kwanza ni kuzuia. Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021, katikati ya mikoko. Nguzo zake bado ni mpya. Kabla ya kuandaa mashindano ya kuwinda wala kutafuta mapishi, bajeti ilipe kwanza wapiga mbizi wachache wenye taa na kamera washuke kwenye nguzo zile kila msimu, waandike kilichopo.