Akifanya kazi, si masikini tena?

Kijana wa Micheweni, Pemba, anayesoma chuo Tunguu, Unguja, ana wakubwa wanne wa kuwajibu kwa wakati mmoja. Bodi ya mikopo inataka ithibitishiwe kuwa yeye ni mhitaji. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, unataka kujua kama kaya ya mama yake kule Pemba ingali masikini. Chuo kinataka ada na mahudhurio. Na mwenye duka Darajani, au meneja wa hoteli Paje anakokwenda mwisho wa wiki, anataka afike zamu yake bila visingizio. Kila mmoja kati ya hawa ana haki ya kuuliza anachouliza. Kazi inakuja majibu yanapopingana, kwa sababu karatasi inayomfanya mfanyakazi wa kuaminika kwa mmoja inaweza kumfanya mwombaji asiyestahiki kwa mwengine.

Mjadala wa misaada ya umma hapa kwetu una pande mbili zinazojulikana. Wapo wanaosema fedha zinazotolewa bila masharti zinalea uvivu, na wapo wanaosema masharti ni njia ya kumsumbua masikini mpaka achoke mwenyewe. Wote wawili wakizungumza huwa wanamfikiria mama aliyekaa nyumbani na watoto. Mtoto wake aliyekwisha kuwa mtu mzima, anasoma, na anatafuta riziki kwa saa chache, hatajwi kabisa.

Watetezi wa masharti wana hoja nzito. Kabla ya mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini kuenezwa nchini, Unguja na Pemba zikiwemo, ulijaribiwa kuanzia mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Tathmini ilionesha kuwa afya katika kaya zilizopokea ruzuku iliimarika, watoto walivaa viatu, na wazazi wengi zaidi walijiunga na mfuko wa afya ya jamii. Sharti kubwa la elimu, kwamba mtoto ahudhurie skuli angalau asilimia 80 ya siku za masomo, si la kubuniwa hapa. Mexico ilianza mfumo wa aina hiyo mwaka 1997 na Brazil ikafuata, na yote miwili iliwabakisha watoto wengi madarasani.

Ukitaka kuona faida ya sharti hilo kwa macho, nenda Pemba msimu wa karafuu. Karafuu haingoji likizo. Inatakiwa ichumwe kabla ua halijafunguka, na likifunguka thamani imeshuka. Wachumaji hulipwa kwa pishi, na mtoto mwepesi wa kupanda ni mali. Kaya isiyokuwa na kitu ina kila sababu ya kumtoa mtoto darasani wiki tatu, na kila mwaka wapo wanaoanguka mikarafuuni. Hapo sharti la asilimia 80 linampa mzazi jibu la kumpa mwenye shamba: siwezi, nitakatwa ruzuku. Kwa mtoto wa darasa la saba mimi niko upande wa sharti, na sioni haja ya kuomba radhi.

Hata hivyo, sharti lina gharama yake. Utafiti uliofanywa Zomba, Malawi, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2011, uliwalinganisha wasichana wa makundi mawili: waliopewa fedha kwa sharti la kwenda skuli na waliopewa bila sharti. Wa kwanza walidumu zaidi masomoni. Lakini mimba na ndoa za mapema zilipungua zaidi kwa wa pili, kwa sababu aliyeacha skuli hakunyang'anywa fedha zake, na fedha hizo ndizo zilizomzuia kukimbilia kwa mwanamme. Sharti, kwa hiyo, humsaidia anayeweza kulitimiza na humwacha peke yake anayeshindwa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye shida zaidi.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa chuo, kwani kwake mambo yanabadilika. Hakuna tena mzazi wa kusukumwa wala mtoto wa kulindwa. Linalobaki ni ofisi kutaka kuhakikisha kuwa fedha haziendi kwa asiyestahiki.

TASAF kwanza. Mitaani utasikia kuwa kijana akipata kibarua, kaya itaondolewa. Kwa jinsi mfumo ulivyo, si hivyo hasa. Kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa shehia, yaani mtaa au kijiji, kisha dodoso hupima vitu vinavyoonekana: paa, kuta, choo, idadi ya watu, mali zilizomo ndani. Bahashishi ya mtalii aliyoipata kijana Paje haimo kwenye fomu. Kinachoweza kuingia ni kile ilichonunua. Mabati mapya yanaonekana na watu wote. Fedha ya chakula na nauli haionekani. Matokeo yake ni kwamba familia inayotumia kipato cha mtoto kula tu iko salama, na inayokusanya ikaezeka nyumba inaanza kuogopa tathmini inayofuata. Mtetezi atasema, na kwa haki, kuwa kaya iliyopanda inatakiwa ipishe wengine. Ni kweli. Lakini mabati ya msimu mmoja wa utalii hayasemi chochote juu ya mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapoanza, hoteli kadhaa za pwani zikafunga na vibarua wakarudi nyumbani.

Kuna pia ajira za muda, ambapo mtu mzima mmoja wa kaya hufanya kazi za jamii kama kuchimba mitaro au kupanda miti, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, 15 kwa mwezi kwa miezi minne. Awamu ya kwanza malipo yalikuwa shilingi 2,300 kwa siku. Ni mpango mzuri kwa kaya yenye mikono. Kwa mama anayelima mwani, ambaye kazi yake inafuata bamvua, kujaa na kupwa kukubwa kwa maji ya bahari, na si saa ya ofisi, na ambaye mwanawe mkubwa yuko chuoni ng'ambo ya bahari, siku hizo 15 zinahesabika kwa shida.

Penye uzito hasa ni kwenye mikopo. Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu tangu 2011, na vijana wetu huomba pia ile ya Muungano. Miongozo ya bodi ya Muungano imeweka wazi kuwa mwombaji asiwe na kipato chake mwenyewe kutokana na ajira au mkataba rasmi, serikalini au sekta binafsi. Nia yake inaeleweka. Mtumishi mwenye mshahara kamili hatakiwi kusimama foleni moja na mtoto wa mvuvi wa Kojani. Mfuko ni ule ule, na kila anayeingia asiyestahiki anamtoa anayestahiki.

Lakini soma sharti hilo kwa jicho la mwanafunzi anayepata zamu mbili kwa wiki hotelini. Akipewa mkataba, hata wa saa chache, ana ajira rasmi na ana cha kujieleza. Akifanya kazi ile ile kwa mdomo, akalipwa mkononi jioni, hana ajira. Sheria haikukusudia hivyo, ila ndivyo inavyomfundisha: usitie saini kitu. Na asiyetia saini hachangiwi Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, akiungua jikoni hana wa kumdai, na akikatwa ujira hana karatasi ya kupeleka Kamisheni ya Kazi. Mwajiri naye anafurahi, kwa sababu amepata mfanyakazi ambaye mwenyewe ndiye anayeomba asiandikishwe. Serikali inatumia nguvu kuwahimiza waajiri watoe mikataba, na huku sharti la ofisi nyengine linamwambia kijana aukimbie.

Kuna jambo linalochekesha kidogo hapa. Mkopo ni deni. Akihitimu na kuajiriwa, sheria inataka akatwe asilimia 15 ya mshahara mpaka amalize. Duniani kote anayekopa hutakiwa aoneshe uwezo wa kulipa. Huyu hutakiwa aoneshe kuwa hana. Naelewa kuwa mkopo huu una ruzuku ndani yake na hauwezi kugawiwa kama wa benki, lakini mtu aliyekwisha kujifunza kuamka alfajiri na kutunza kazi ndiye mdaiwa ambaye bodi yoyote ingemtaka.

Atasema mtu: mwanafunzi mwenye mkopo ana fedha ya kujikimu, kazi anaitakia nini? Bumu limepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, na si fedha ya kubeza. Toa humo kodi ya chumba, daladala ya kwenda na kurudi, vocha ya intaneti ambayo bila yake huwezi kufanya hata zoezi moja, na chakula. Kisha kumbuka kuwa kwa kijana wa kaya masikini bumu haliishii kwake. Mdogo wake anataka sare, bibi anataka dawa. Hakuna mwongozo unaozitaja fedha zinazotoka kwa mwanafunzi kwenda nyumbani. Yote inachukulia kuwa zinakwenda upande mmoja tu.

Makaratasi nayo. Fomu ya mkopo inatakiwa isainiwe na kiongozi wa mtaa, ambaye kwetu ni sheha, kisha ithibitishwe na hakimu au wakili. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kama umefiwa na mzazi, kihakikiwe na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii. Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Kila hatua ukiitazama peke yake ina maana. Ukizijumlisha kwa anayelipwa kwa siku, kila hatua ni siku ya kibarua iliyokwenda. Na kwa Mpemba aliyepanga chumba Unguja kuna boti juu yake, kwa sababu sheha anayemjua ni wa Micheweni, na sheha wa alipopanga hamjui. Sheha mwenyewe huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hapigiwi kura, na wasomaji wa visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi kwa nini watu wengine hupunguza mwendo wanapokaribia mlango wake. Wapo masheha waungwana wanaosaini bila kumzungusha mtu. Haki isiyopatikana mpaka umpate muungwana, hata hivyo, ina kasoro.

Watetezi hujibu kuwa bila ukaguzi wa aina hii udanganyifu utazidi. Hapo tuna mfano wetu wenyewe wa kupima. Aprili 2016 Zanzibar ilianzisha Pencheni Jamii kwa kila mkaazi aliyefikia miaka 70, kwa fedha za serikali yenyewe, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo baadaye zimepandishwa hadi 50,000. Haiulizi una nyumba ya bati au ya makuti, wala kama mtoto wako yuko Muscat na anakutumia. Umri na ukaazi, basi. Mzee anaweza kuuza samaki asubuhi na kupokea pencheni yake mchana bila kumficha mtu. Mfumo haukuanguka.

Nisitie chumvi lakini. Wazee wa miaka 70 ni wachache na umri haubishaniwi sana. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar watu 1,889,773, na wengi wao ni vijana. Kumpa kila mwanafunzi posho bila kuuliza ni ahadi ya jukwaani, bajeti haiwezi kuibeba. Kwa hiyo kuchuja kutaendelea, na anayesema kufutwe aoneshe fedha.

Kinachoweza kubadilika ni kinachochujwa. Brazil, kwa sheria ya 2023 ya mpango wao wa Bolsa Família, iliamua kuwa kaya ambayo kipato chake kimepanda kidogo juu ya kiwango isikatwe papo hapo, bali ibaki na nusu ya ruzuku kwa hadi miaka miwili, muda ambao baadaye umepunguzwa. Mantiki yake ni kumwacha mtu apande bila kuogopa ngazi kuvutwa. Bodi za mikopo zinaweza kufanya jambo dogo kuliko hilo: kutenganisha ajira kamili na kibarua cha mwanafunzi, kwa kuweka kiwango cha kipato cha mwezi ambacho chini yake mkataba hauhesabiki kuwa ni kosa. TASAF inaweza kuipa kaya yenye mwanafunzi wa chuo muda wa neema mpaka ahitimu, kabla mabati yake hayajahesabiwa. Na kwa kuwa karibu kila mtu mzima hapa ana kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, hakuna sababu ya kijana kubeba uthibitisho ule ule kwa mkono kutoka ofisi moja hadi nyengine.

Pingamizi kubwa dhidi ya pendekezo hili si la gharama. Ni kwamba kiwango chochote kikiwekwa, mtoto wa mwenye hoteli ataandikiwa mkataba wa shilingi chache na baba yake, ajipenyeze. Ataweza, na baadhi watafanya hivyo. Ila huyo tayari anajipenyeza leo kwa njia nyepesi zaidi, ya kutokuwa na mkataba wowote, wakati mhudumu wa mezani wa Paje aliyeandikisha ukweli ndiye anayeulizwa maswali.