Kabla hujabeba tivii ya "4K" uliza kwanza namba ya kioo

Jamani leo niongelee hizi tivii maana roho inaniuma. Mwezi uliopita shemeji yangu aliniomba nimsindikize Kariakoo, alishajichanga laki 6 na nusu, anataka inchi 43 na sharti lake moja tu, iwe 4K, yani ile ya picha kali yenye vidoti vingi sana, kwa sababu watoto walishamwambia 4K ndo habari ya mjini. Tumezunguka maduka kama manne hivi tukapata moja boksi lake limeandikwa 4K kubwaaa kwa rangi ya dhahabu, muuzaji akachomeka flashi, ikapigwa ile video ya maua na kasuku, rangi zinawaka hatari, mimi mwenyewe nikamwambia shem beba hii.

Tumefika kwake, fundi kaifunga ukutani, nikachomeka laptopu kwa waya wa HDMI tuangalie ratiba ya kikao cha harusi. Ile orodha ya michango herufi zinakatikakatika, e na a huzitofautishi, nikasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo naona vidoti. Nikafungua kile kijitabu kinachokuja ndani ya boksi, ukurasa wa nyuma kabisa, maandishi madogo: 1366 x 768. Hiyo ndo namba ya kioo, yani vidoti vingapi kwa upana na vingapi kwa kimo.

Hiyo sio 4K ndugu zangu, hata Full HD haifiki. Chukua kalkuleta ya simu uzidishe, 1366 kwa 768 unapata nukta (vile vidoti) milioni 1 na kidogo, Full HD ni 1920 kwa 1080 yani milioni 2 na kidogo, 4K ya tivii ni 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Shemeji amelipia nukta milioni 8 kapewa milioni 1.

Sasa mbona boksi linasema 4K? Ni kwamba ile tivii inapokea picha ya 4K halafu inaikamua iingie kwenye kioo kidogo, ndo hilo neno utasikia dukani, "inasapoti 4K bosi". Kusapoti ni mlango tu, kioo ndo chumba. Na hata laptopu inaweza kukudanganya hapo, kwenye setingi itakuonyesha inatoa 3840 kwa 2160 na ni kweli inatoa, ila kinachofika machoni kwako ni kingine. Mambo haya hayajaanza juzi, Ulaya mwaka 2005 walileta alama ya HD Ready, sharti lake kioo kiwe na mistari isiyopungua 720, ukihesabu toka juu mpaka chini, na tivii iweze kupokea picha ya HD, basi watu kibao wakabeba wakidhani wamepata HD yote mpaka ile ya 1080, kumbe nyingi vioo vyake vilikuwa hivi hivi vya 768.

Mimi sisemi kila mtu anunue 4K. Kama ni inchi 32 na kochi liko mita 3, HD ya kawaida inakutosha kabisa, chaneli nyingi za king'amuzi zenyewe hazirushwi kwa 4K, na ukitaka 4K ya Netflix wanashauri intaneti yenye kasi ya Mbps 15, saa moja inaweza kula mpaka GB 7, kwa bando zetu hizi utalia. Mtu akiuziwa HD akaambiwa ni HD hakuna ubaya wowote. Kinachoniuma ni mtu kachanga hela miezi 5 halafu anauziwa jina, naona ile namba ya kioo ingelazimishwa iandikwe mbele ya boksi, ukubwa ule ule wa hiyo 4K ya dhahabu.

Kesho yake tukairudisha. Muuzaji mwanzo alikuwa mkali, anasema ikishafungwa ukutani hairudi, nikamwekea kijitabu juu ya kaunta na kidole kwenye ile 1366, akanyamaza, akaenda kuongea na mwenye duka. Tumebadilishiwa ya Full HD inchi 43, shemeji kaongeza elfu 40, na safari hii tivii haijawashwa kwanza, shem kaomba kijitabu, kafungua mwenyewe ukurasa wa mwisho, kasoma kwa sauti pale dukani, elfu moja mia tisa ishirini kwa elfu moja themanini, ndo akatoa hela.