Kumi bora ilifutwa, ila namba zote bado zipo pale pale

Kila matokeo ya fomu foo yakitoka, nusu saa haipiti grupu la wazazi la kwetu limeshaletewa "shule kumi bora kitaifa". Haina nembo, haina chanzo, mikoa mingine imechanganywa, lakini inasambaa kuliko taarifa ya msiba. Na kila mwaka kuna mtu anauliza, jamani hii si walishaifuta? Walishaifuta, ndio. Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, kupitia aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji, Athumani Amasi, walisema hawatataja tena shule bora wala mwanafunzi bora. Hoja yao ilikuwa kwamba kufanya vile ni kuzipigia shule debe la biashara, na kwamba watoto wenyewe hawasomi kwenye mazingira yanayofanana.

Tangu siku hiyo watu wamegawanyika makundi mawili, waliofurahi na wanaolalamika, na mimi kusema kweli nimekaa katikati kwa muda mrefu, kwasababu nimewahi kufundisha shule ya kata na sasa hivi ni mzazi ninayetafuta shule, na hizo kofia mbili hazikai vizuri kwenye kichwa kimoja.

Kwanza tuelewane kilichofutwa ni nini hasa. Ukifungua ukurasa wa shule yoyote kwenye tovuti ya NECTA unakuta juu jumla za divisheni (madaraja ya wani mpaka foo, na ziro), wasichana kivyao na wavulana kivyao, halafu orodha ya watahiniwa kwa namba: jinsia, pointi, divisheni, na gredi ya kila somo. Pointi zinatoka kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni 1 na F ni 5, kwahiyo mwenye 7 ndio kidume na ukifika 34 wewe ni ziro. Mwisho wa ukurasa kuna jedwali la masomo na GPA ya kituo, yaani wastani wa gredi wa shule nzima, ambayo nayo ni kinyume na watu walivyozoea, ikiwa ndogo ndio nzuri. Zamani hapo chini kulikuwa na mistari mingine inayosema shule hii ni ya ngapi kimkoa na ya ngapi kitaifa, na shule zilikuwa zinashindanishwa kwa makundi mawili, zenye watahiniwa 40 na kuendelea, na zenye pungufu ya hapo.

Kilichoondoka ni hiyo nafasi. GPA imebaki. Yaani kijana yeyote mwenye laptopu na Excel akikaa usiku mmoja anapanga shule zote za nchi, na ndicho wanachofanya, na wenye shule nao wanamalizia kwenye mabango barabarani, "ya kwanza kimkoa", nani atakwenda kuhakiki? Zamani tulikuwa na orodha moja rasmi, leo tunazo kumi za mitaani.

Sasa waliofurahi. Hawa wana hoja nzito na wengi wao ni walimu. Chukua mfano wa shule mbili. Ya kwanza inachukua watoto kwa usaili, wanaanza 70 fomu wani, kila mwisho wa mwaka wasiofika wastani wa shule wanaambiwa watafute kwingine, fomu foo wanakaa 45 na wote wanapata wani. Ya pili ni ya kata, inapokea 200 kama walivyopangwa, na anayejua kusoma na anayebabaisha humo humo, mwalimu wa fizikia hakuna, wanafika fomu foo 140, wani wanne, two kumi, waliobaki three, foo na ziro. Kwenye orodha ya kumi bora ile ya kwanza inapiga picha na waziri. Lakini ukiniuliza ipi imefanya kazi kubwa zaidi, namba hizo peke yake haziwezi kukujibu, zinakwambia tu nani alichagua vizuri mlangoni na nani alisukuma vizuri dirishani.

Na huku kusukuma sio hadithi. Wizara imeshakataza zaidi ya mara moja kukaririsha na kufukuza watoto kwa kigezo cha wastani wa shule, na ukiona katazo linarudiwa ujue jambo halijaisha. Mtoto wa dada yangu yalimkuta. Shule moja ya praiveti, sitaitaja, ada imelipwa yote, Januari anaripoti fomu foo mama yake anaitwa ofisini anaambiwa kwa upole kabisa kwamba "kijana atapata utulivu zaidi akifanyia mtihani kituo kingine". Utulivu! Wastani wake ulikuwa 47 na shule inataka 55. Dada alilia kwenye bajaji njia nzima.

Ila wanaolalamika kwamba NECTA wametufunga macho nao sio wa kupuuzwa. Mwaka 2013 mwezi wa pili yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, watoto zaidi ya 240,000 walikuwa wamepata ziro, kama asilimia 60 ya waliofanya. Nchi ilisimama. Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, akaunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, ziro zikapungua lakini bado zikabaki zaidi ya laki mbili. Pamoja na uchungu wote ule, ni namba zilizotolewa hadharani ndizo zilizowafanya wakubwa wakose usingizi, zingekaa kwenye faili wangeendelea kutuambia elimu inakua.

Mwaka huo huo ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, BRN, na ndani yake ndipo shule zikaanza kupangwa rasmi mpaka za msingi, zikapewa rangi, kijani, njano na nyekundu. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana watu wanabishana kumi bora kumi bora kana kwamba hatuna ushahidi wetu wenyewe, na tunao. Watafiti watatu, Cilliers, Mbiti na Zeitlin, walichukua data za darasa la saba za nchi nzima kabla na baada ya BRN wakaangalia kupangwa kulibadilisha nini. Wakakuta shule za katikati na za juu hazikutikisika sana. Zilizotikisika ni za mkiani ndani ya wilaya yao, zile za asilimia 20 ya chini, ufaulu wao ulipanda. Na maana yake mtaani inaeleweka, mwalimu mkuu wa kule ndani hashindani na Feza wala St. Francis ya Mbeya, hao anawasikia redioni tu, anashindana na shule ya kijiji cha jirani, na afisa elimu wake anaijua nafasi yake kwa kichwa.

Halafu upande wa pili wa matokeo hayo hayo: shule hizo za mkiani watoto waliokaa kwenye mtihani walipungua, kama wawili kwa kila shule. Wawili wanaonekana wachache mpaka ukumbuke tunazungumzia shule nyingi sana, na mpaka ujiulize hao wawili ni akina nani. Sio waliokuwa wanaongoza darasa.

Kwahiyo mimi ninachokiona ni kwamba tulifuta kitu sahihi na kitu kisicho sahihi kwa pamoja. Kumi bora ya kitaifa ilikuwa tangazo, Amasi alisema kweli, na sijaona ilimsaidia mtoto gani wa Nanjilinji kule Kilwa ndani. Lakini nafasi ya shule ndani ya wilaya, kati ya shule zinazogawana bajeti ile ile na afisa elimu yule yule, hiyo ndiyo iliyokuwa inasukuma waliolala, na imezikwa kaburi moja na tangazo la biashara.

Najua kuna mwalimu anasoma hapa ameshakunja uso. Na ana haki, kwasababu uwajibikaji kwetu ukiteremka kutoka juu unamkuta mwalimu peke yake. Mwaka 2009 Bukoba mkuu wa wilaya aliamuru polisi wachape viboko walimu 19 wa shule za msingi kisa matokeo mabaya. Viboko, watu wazima, wengine wana wajukuu. Rais Kikwete alimfukuza kazi yule bwana, lakini ile akili haikufukuzwa naye, mpaka miaka ya karibuni unasikia vikao vya wadau wa elimu ambako shule iliyoshika mkia inakabidhiwa kinyago mbele za watu na picha inapigwa. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo (bila kinyago, nashukuru), unasimamishwa ueleze kwanini hesabu mmefeli wakati shule nzima ina mwalimu mmoja wa hesabu na ndiye anayefundisha na fizikia, na anayekuuliza ndiye aliyetakiwa akuletee wa pili. Hesabu yenyewe kitaifa wanaofaulu ni kama robo tu. Sasa kama nchi nzima robo, kosa ni la mwalimu wa shule ipi?

Kitu kingine kinachovuruga ni kwamba rula yenyewe inabadilishwa. Tulikuwa na divisheni, tukaingizwa kwenye distinksheni, meriti na krediti, wazazi wakawa wanauliza meriti ndio two au ndio three, halafu 2016 Waziri Ndalichako, ambaye mwenyewe aliwahi kuiongoza NECTA, akaturudisha kwenye divisheni. Mtu akikuchorea grafu ya "ufaulu umepanda miaka kumi mfululizo" muulize kwanza alama za D zilianzia ngapi kila mwaka humo ndani.

Wakenya walitutangulia kwenye ugomvi huu. Profesa Kaimenyi akiwa waziri alipiga marufuku kupanga shule na wanafunzi mwaka 2014, na haikuzuia mtu kujitengenezea orodha yake. Uingereza wao waliongeza kipimo kingine juu ya gredi, kinaitwa Progress 8, mtoto wa sekondari analinganishwa na wenzake waliomaliza msingi wakiwa na alama kama zake, halafu inaangaliwa shule imemsogeza kiasi gani. Nacho kina lawama zake, shule zenye watoto maskini zinasema bado kinawaonea, lakini angalau kinauliza swali linalofaa.

Na hapa kwetu, kinachonikera ni kwamba vifaa vya kuuliza swali hilo vipo. Mtoto akiwa msingi anapewa namba ya PReM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, na inamfuata hadi sekondari. Inajulikana alipata alama ngapi kati ya 300 darasa la saba, aliandikishwa wapi, upimaji wa fomu two aliufanyia wapi, na fomu foo alikalia kiti cha shule gani. Ukiunganisha hizo unapata mstari mmoja tu ambao ungebadilisha mazungumzo yote: walioanza fomu wani hapa ni wangapi, waliofika ni wangapi, waliohamia kutoka hapa wako wapi. Weka mstari huo juu ya GPA, kwenye ukurasa ule ule, halafu rudisha nafasi ya wilaya. Yule wa 70 na 45 aje aeleze 25 walikwenda wapi. Labda walihama na wazazi kweli, sawa, aeleze.

Haitakuwa safi kabisa, sijidanganyi. Shule ya kijijini yenye watahiniwa 15, watoto watatu wakiugua malaria wiki ya mtihani inaporomoka wilaya nzima, hiyo lazima ipewe wastani wa miaka mitatu. Na siri nayo, tunajifariji kwamba majina hayapo kwenye matokeo ya fomu foo, lakini namba zinapangwa wasichana kwanza na kwa alfabeti, kijijini kila mtu anajua 0007 ni binti wa nani. Pia ripoti za wathibiti ubora, wale tuliokuwa tunawaita wakaguzi, ambao ndio wanaoingia darasani wakaona mwalimu anafundishaje na vyoo vikoje, mzazi kuipata ni shughuli, kwahiyo tunabaki na mtihani tu kama dirisha pekee la kuchungulia shule. Hilo peke yake linatosha uchambuzi mwingine.

Mtoto wa dada alihamia shule ya kata karibu na nyumbani, akafanyia mtihani hapo. Alipata two ya pointi 20. Nilifungua kurasa zote mbili siku matokeo yalipotoka, ile ya shule ya zamani ni wani mtupu kuanzia juu mpaka chini, imenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Hii ya kata nimeshuka nayo foo, ziro, foo, foo, three, ziro, mpaka nikamkuta, two pekee ya wavulana wa mwaka ule.