Cheti cha dereva na shahada ya waziri

Kuna imani moja naikuta karibu kila nikiongea na ndugu walioko Tanzania: kwamba Ulaya hakuna kufoji, kwamba feki ni ugonjwa wetu sisi. Ninaishi Köln, Ujerumani, na imani hiyo naikataa. Inatudhalilisha, na mbaya zaidi inatuzuia tusione kile ambacho kweli tungeweza kujifunza huku.

Mahakama ya mji huuhuu ilimhukumu Wolfgang Beltracchi kifungo cha miaka 6 mwaka 2011. Bwana huyu hakuwa akinakili michoro iliyopo. Alibuni michoro mipya kwa mtindo wa wachoraji waliokwisha kufa, kisha yeye na mkewe Helene wakaitungia ukoo: imetoka kwa babu, ilifichwa miaka ya vita. Helene alivaa mavazi ya kizamani akajifanya bibi yake mwenyewe, akapigwa picha ya nyeusi na nyeupe huku michoro ikining'inia ukutani nyuma yake, na picha ikasafishwa kwenye karatasi ya zamani. Wataalamu wakubwa wakaamini. Mchoro mmoja uliodaiwa kuwa wa Heinrich Campendonk wa mwaka 1914 uliuzwa mnadani hapahapa Köln mwaka 2006 kwa zaidi ya euro milioni 2. Kilichowaumbua ni rangi nyeupe. Maabara ilikuta ndani yake titani, na mwaka 1914 wachoraji walikuwa bado hawana nyeupe ya titani.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Konrad Kujau. Aprili 1983 jarida la Stern lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler, madaftari yapatayo 60, nalo lilikuwa limeyalipia mamilioni ya maki, sarafu ya Ujerumani ya wakati ule. Kumbe ameyaandika Kujau, tena akayamwagia chai yaonekane yamezeeka. Wataalamu wa mwandiko waliitwa, wakasema ni mkono wa Hitler. Walikosea vipi? Miongoni mwa maandishi waliyopewa ya kulinganishia yalikuwamo mengine aliyoyafoji Kujau huyohuyo. Feki ilithibitishwa kwa feki. Haikupita wiki mbili tangu tangazo, hifadhi ya nyaraka ya taifa na maabara ya polisi zikaichunguza karatasi yenyewe na kukuta kemikali ya kung'arisha weupe, ya aina iliyoanza kutumika baada ya vita. Mwaka 1985 Kujau alihukumiwa miaka 4 na nusu.

Sasa niambie kama sisi kwa miaka mingi hatukuwa tukihakiki vyeti vivyo hivyo. Mwombaji kazi analeta nakala, wakili ameigongea muhuri kwamba inafanana na cheti halisi. Wakili kaona nini? Kaona karatasi iliyoletwa na mwombaji mwenyewe, ambayo huenda ilitoka stashenari jana. Mwajiri mwenye bidii anapiga simu kuuliza, lakini namba anaitoa juu ya barua ileile anayoitilia shaka. Muhuri unaushuhudia muhuri mwenzake, na mchonga mihuri wa mtaani anafanya vyote viwili kwa siku moja. Hakuna jicho kali kiasi gani litakalosaidia hapo. Karatasi lazima ishuhudiwe na kitu ambacho mwenye karatasi hakukigusa.

Ndiyo maana uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma Tanzania mwaka 2017 ulifanikiwa. Serikali haikukaa kukodolea macho mihuri. Majina na namba za mtihani vilipelekwa kwa Baraza la Mitihani, ambalo lina kumbukumbu zake lenyewe. Aprili 28 Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti pale Dodoma: watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi, na juu ya hao palikuwa na vyeti 1,538 vilivyotumiwa na watu 3,076. Cheti kimoja, watumishi wawili. Nilisoma habari ile nikiwa huku na sikuona aibu. Niliona taifa lililoamua kufungua daftari lake lenyewe.

Nilichoona kibaya ni kitu kingine, na ndicho hasa kinachonifanya niandike. Uhakiki ule haukuwagusa wateule wa kisiasa. Ilielezwa wazi wakati ule: mawaziri, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya hawamo, kwa kuwa nafasi zao hazidai cheti cha kidato cha nne. Dereva, mhudumu wa wodi, karani wa masijala, hao waliambiwa waondoke wenyewe kabla ya Mei 15, la sivyo ni mahakamani na miaka 7 jela. Miaka 7 kweli imo kwenye Kanuni yetu ya Adhabu, na anayeghushi wosia au hati ya ardhi anaweza kufungwa maisha. Ujerumani kosa la kawaida la kughushi nyaraka adhabu yake haizidi miaka 5, na hakimu anaweza kutoza faini tu. Kwa ukali wa sheria tumewapita.

Tofauti ipo kwenye nani anafikiwa. Machi 2011 waziri wa ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, alijiuzulu baada ya wananchi wa kujitolea kuipitia tasnifu yake ya udaktari ukurasa kwa ukurasa na kuonyesha mistari aliyoichukua kwa watu bila kusema. Februari 2013 akaondoka Annette Schavan kwa jambo la aina hiyo, naye alikuwa waziri wa elimu. Mei 2021 akafuata Franziska Giffey, waziri wa familia. Najua wizi wa maandishi si sawa na kuchonga muhuri, lakini kwa macho yangu ni ndugu: mtu amebeba cheo cha elimu asiyoifanyia kazi. Wala sisemi wenzetu ni malaika. Giffey, mwaka uleule, alichaguliwa kuwa meya wa Berlin. Guttenberg kesi yake ya jinai ilifungwa kwa kulipa euro 20,000 za hisani. Ila kiti cha uwaziri kilimtoka, na waliomtoa ni raia wenye tasnifu mkononi, kwa sababu tasnifu iko maktaba na yeyote anaweza kuisoma.

Na kuna uonevu huku ambao siwezi kuupita. Vyeti vyangu vya uuguzi ni halali kabisa, na bado vilizungushwa miezi na miezi: tafsiri ya mtafsiri wa kiapo, barua ya chuo, uthibitisho juu ya uthibitisho, na mtumishi mmoja wa ofisi aliyenitazama kama mshukiwa kabla hajafungua faili. Kuulizwa sikatai. Kinachouma ni kwamba Kujau alipotoka jela alifungua duka la kuuza feki zake akizisaini jina lake, na watu wakazipenda; Beltracchi anaonekana kwenye televisheni akisifiwa mkono wake. Mfojaji wao anaitwa fundi. Mwuguzi wetu mwenye cheti halisi anabebeshwa mzigo wa kila feki iliyowahi kutoka Afrika. Ndiyo sababu nasema aliyefoji cheti Mbagala amenilia mimi niliyeko Köln, na amemlia aliyefeli mtihani kwa haki akaenda kulima.

Hata hivyo sikufurahia wale 9,932 walivyoondolewa mikono mitupu. Walikuwemo waliofanya kazi miaka ishirini, mwajiri akiwa hajawahi kuuliza hata mara moja. Mwaka 2022 serikali ilipokubali warudishiwe michango yao ya mfuko wa pensheni, niliona ni haki imechelewa. Mshahara ule walikatwa wao.

Ninachotaka kwa nyumbani hakihitaji sheria mpya wala miaka zaidi ya kifungo. Namba ya mtihani ihakikiwe Baraza la Mitihani siku ya kuajiriwa, shahada ya nje ihakikiwe Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na mtu asipewe kiapo cha ukuu wa wilaya, ukuu wa mkoa wala uwaziri kabla majibu hayajarudi. Anayejiita daktari wa falsafa, tasnifu yake iwekwe mahali mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuifungua bila kuomba ruhusa kwa mtu.