Popovich alimkosea Kawhi, lakini pia alimtetea

Naona wengi mnasema kocha Gregg Popovich hakumtendea haki mchezaji wake wa kikapu Kawhi Leonard alipotoka San Antonio Spurs kwenda timu ya Toronto mwaka 2018. Kwa jambo moja nipo nanyi: kusema hadharani, kijana akiwa ameshaondoka, kwamba hakuwa kiongozi, kuliniuma sana. Huyu ndiye mchezaji bora wa fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, za 2014! Maneno hayo angemwambia uso kwa uso wakiwa bado pamoja.

Ila mbona mnaisahau Novemba 2023? Kawhi karudi San Antonio kama mpinzani, akiwa na timu ya Clippers, kasimama kwenye mstari wa mitupo huru, ukumbi mzima unamzomea. Popovich akachukua kipaza sauti katikati ya mchezo na kuwaomba mashabiki wake mwenyewe waache, maana hiyo si tabia yao. Wakazidi kuzomea. Kocha mwenye kinyongo hafanyi hivyo, jamani.

Na msimu ule wa mwisho akiwa Spurs, Kawhi alicheza mechi 9 tu kwa jeraha la msuli wa paja, huku timu na watu wake wakivutana juu ya matibabu. Hapo siwezi kumbebesha lawama mtu mmoja.