Rege ndani ya panki: pigo la kwanza liachwe tupu

Bendi nyingi zinazochanganya rege na panki, yaani roki ya kasi na makelele, hukosea mahali pamoja: gitaa peke yake ndilo linalobadilika. Mpiga gitaa anaanza ile chaka-chaka yake, mapigo mafupi ya rege, huku dramu na besi zikiendelea kukimbia kama zamani. Kinachotoka hapo ni panki yenye kwikwi.

Hesabu 1-2-3-4 kwa mapigo kama 150 kwa dakika. Kwenye panki, ngoma ya mguu inagonga 1 na 3, snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, inajibu 2 na 4. Ukihamia rege, mwendo usiuguse. Futa 1 kabisa. Ngoma ya mguu na snea, hii ikigongwa ukingoni, zikutane kwenye 3. Gitaa likae kwenye 2 na 4, yaani palepale snea ilipotoka. Punguza mkwaruzo wa amplifaya, na ukishapiga tu legeza vidole bila kuvibandua kwenye nyuzi, sauti ife papo hapo. Mkwaruzo ukibaki mwingi, sauti inaning'inia hadi pigo linalofuata, na ule ukimya, ambao ndio rege yenyewe, unazibwa. Besi nayo iache kukimbizana na dramu. Ibebe wimbo, sauti za juu zikiwa zimepunguzwa.

The Clash, bendi ya panki ya London, waliikiuka kanuni hii makusudi. Waliporudia "Police and Thieves" ya Mjamaika Junior Murvin katika albamu yao ya kwanza, mwaka 1977, mpiga gitaa wao Mick Jones aliweka gitaa moja kwenye 1 na 3 na la pili kwenye 2 na 4. Bendi ya Jamaika ingeyaweka yote mawili kwenye 2 na 4. Hawakujifanya Wajamaika, ndiyo maana wimbo ule haujachuja. Na wanaosubiri kwanza waive wakumbuke kwamba Paul Simonon, mpiga besi wa The Clash, alianza besi akiwa ameandika majina ya noti kwenye shingo ya gitaa.

Upande wa siasa, maneno makali peke yake hayanisisimui. Kampuni ya santuri huyauza kama inavyouza ya mapenzi. Napima kwa vitu viwili. Kwanza, nani mko naye jukwaani: tarehe 30 Aprili 1978, katika tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi pale Victoria Park, London, The Clash walipiga siku moja na Steel Pulse, bendi ya rege ya Birmingham. Pili, nani anakatwa fedha. Sandinista!, albamu ya The Clash ya Desemba 1980, ilikuwa na santuri tatu, ikauzwa pauni 5.99 Uingereza, na bendi ikasamehe mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza. Namba yake ya katalogi ni FSLN1, herufi za Wasandinista, wanamapinduzi waliomwangusha dikteta Somoza kule Nikaragua. Nyimbo 36 ni nyingi mno, theluthi nzima ningeikata bila huruma. Ile bei, hapana.